Mkandaji wa Pwani Mbili

Mafuta hayawekwi motoni. Bakuli linakaa ndani ya sufuria ya maji yaliyochemka, na mafuta yanapata joto polepole, mpaka ukiyadondosha nyuma ya mkono unayasikia vuguvugu, hayachomi. Siku nilipofunzwa hivyo huko Kerala, kusini mwa India, ilinijia picha ya Mama Mkubwa nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, akishusha kibakuli cha uto wa ufuta kwenye maji ya moto kabla ya kwenda kumkanda mzazi. Nilikuwa nimevuka bahari na kulipa ada, na somo la kwanza nikakuta nimelelewa nalo.

Huko ukandaji wa mafuta ya moto huitwa abianga, na ni sehemu ya tiba ya Ayurveda. Nilisoma mwaka mmoja. Meza yetu ilikuwa ya mbao ya mwarobaini, imechongwa kingo pande zote ili mafuta yasimwagike, na tulimkanda mtu wawili wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mikono minne inashuka pamoja kutoka begani hadi kwenye vidole. Kwenye mfupa mrefu unavuta mkono mrefu. Ukifika kwenye kiungo unazungusha. Mwenzio akikutangulia hata kidogo, aliyelala anasikia mwili wake umegawanyika. Wiki ya kwanza mwalimu hakutusahihisha mikono kabisa. Alitusahihisha pumzi, kwa sababu wanaopumua pamoja hawapishani.

Kuna mafuta yanaitwa Kshirabala, ya ufuta, maziwa na mmea waitao bala. Aina moja hupikwa tena na tena, mara 101, na namba hiyo huandikwa kwenye chupa. Nilisimama jikoni nikaona wanavyojua kama yameiva: mpishi alichota mashapo ya dawa chini ya sufuria, akayasokota kama utambi, akayatia kwenye ndimi za moto. Yakilia, maji bado yamo. Yakiwaka kimya, mafuta tayari. Nani kwetu aliyepika mafuta ya nazi asiijue sauti hiyo? Mama Mkubwa hupika tui akiwa amegeuka upande, anaongea na watu, na hugeuka pale tu sufuria inapoacha kulia.

Mwezi wa Juni mvua ilianza. Wakerala huingoja kwa hamu, na kipindi kiitwacho Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ndicho wanachokiona bora kabisa kwa kukandwa. Husema mwili umelainika, unapokea. Nilikaa barazani nikitazama maji yakishuka kwenye vigae, nikamuuliza mwalimu upepo ule unatoka wapi. Akanyoosha mkono kusini-magharibi. Kusi! Upepo uliozivusha jahazi za wazee wetu kwenda Malabar ndio ulioileta mvua ile. Nililia, na sioni haya kulisema.

Tukimaliza kukanda, tulimpaka mtu unga wa choroko ukavuta mafuta, ndipo akaoga. Kwetu kazi hiyo ingefanywa na singo, na chumba kingenukia waridi na karafuu. Mengine mengi yalikuwa hivyo, mkono uleule na harufu tofauti.

Lakini kuna jambo ambalo nyumbani sikulipata, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya kumgusa mtu, unamuuliza. Ana homa? Amekula saa ngapi? Ana mimba? Ana maumivu mapya, na yalianza lini? Asubuhi moja aliletwa mwanamke aliyejifungua wiki mbili nyuma. Nilikuwa nimeshachota mafuta. Mwalimu akanishika mkono, akaniambia niyatazame mashavu ya miguu yake yote mawili, kisha niyaguse kwa mgongo wa kiganja. La kushoto lilikuwa nene kuliko mwenzake, lina joto, na ngozi imevutika. Hakumkanda. Alimpeleka hospitali papo hapo. Baadaye akatueleza kwamba mguu mmoja ukivimba namna ile, damu huenda imeganda mshipani, na mkono unaochua unaweza kuling'oa bonge likaenda mpaka mapafuni.

Sikulala usiku ule. Kwetu mzazi mwenye mguu uliovimba ndiye anayechuliwa zaidi. Tunaongeza mafuta, tunaongeza nguvu, na tunafanya hivyo kwa mapenzi.

Leo ninafanya kazi Maskati. Wateja wangu wengi ni akina bibi waliozaliwa Unguja na Pemba, wakaja Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango. Ninazima kiyoyozi, maana mafuta yakipoa juu ya ngozi hayana faida, kisha ninauliza maswali yangu. Mmoja alinikatiza. "Mwanangu, goti hili niliangukia Malindi, kwetu Unguja, nikikimbilia chuoni. Lisemeze Kiswahili." Nililisemeza. Alikuwa katikati ya habari za chuo chao saa ilipofika, na nje kuna mtu anangoja. Nikamfunga kanga, nikamuinua.

Hapo ndipo ughaibuni unaponiuma. Hapa mkono wangu una thamani: nina cheti, sare na mshahara, na daktari akiniona hunisalimia kama mfanyakazi mwenzake. Nyumbani Mama Mkubwa akienda kumkanda mzazi hukaa mpaka alasiri. Humkanda, humfunga mkaja, humsikiliza, kisha humkanda na bibi wa nyumba kwa kuwa amemuona anachechemea. Anarudi na doti ya kanga au kilo mbili za sukari. Watu husema "anajua kukanda". Sijawahi kusikia mtu akisema ana kazi. Mimi niliyejifunza kwake ndiye ninayeitwa mtaalamu, na katika hilo sioni haki. Mkandaji wa mtaani anastahili kulipwa, na anastahili kufunzwa mambo ya hatari bila ya kudharauliwa.

Likizo iliyopita nilimlaza Mama Mkubwa mwenyewe, kwenye mkeka, nikamkanda kwa mafuta niliyomletea. Nikamuuliza maswali yote, moja baada ya moja, kama ninavyomuuliza mgeni. Alidhani ninamchezea. Alipoona sichezi, akajibu kila kitu, hata maumivu ya bega ambayo hakumwambia mtu miaka yote. Kisha nikamuonyesha mashavu ya miguu: yatazame yote mawili, yaguse kwa mgongo wa kiganja. Akaguna. "Miaka arobaini ninakanda," akasema, "leo unanifunza kushika mguu?" Nikanyamaza, nikaendelea na nyayo.

Mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Kwa nyuma nilisikia mtoto mchanga akilia na watu wakibishana.

"Shavu la kulia lina moto," alisema. "Wanataka nichue. Sijaligusa. Nimewaambia watafute gari."

Nikamuuliza kama yeye atakwenda nao. Alikuwa ameshavaa buibui.