Krismasi Yetu ya Kwanza Unguja

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmezaliwa pwani, na joto kwenu ni kama maji kwa samaki, basi huenda mkacheka kwa haya nitakayowaeleza. Sisi tumetoka Milo, katika milima ya Ludewa, upande wa juu wa Ziwa Nyasa. Huko mtu huzaliwa karibu na moto, hukua karibu na moto, na akizeeka ndipo asipoachana nao kabisa. Mwezi wa Desemba ni mwezi wa mvua na ukungu. Siku ya Krismasi watu huenda kanisani miguu imejaa tope, wamevaa makoti, na wakirudi hukaa jikoni kuyazunguka mafiga, kuku akichemka na mchele ukingoja zamu yake. Mchele hutoka mbali, nao kwetu zamani uliliwa siku ile na siku za arusi tu. Hiyo ndiyo Krismasi niliyoijua hata nikawa mtu mzima mwenye watoto.

Mwaka 2017 nalipata kazi ya kufundisha Unguja. Mwezi wa Novemba twalihama, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, pamoja na mama yangu mzazi. Habari ya mama sina budi kuisema kwa kweli. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kifua cha mama kilimsumbua sana wakati wa kipupwe. Mganga mmoja alinishauri nimtoe katika baridi. Nalifanya shauri na mke wangu, nikafanya shauri na ndugu zangu, hata padre wetu nalimwuliza. Mama mwenyewe nalimwambia siku tikiti zilipokwisha kununuliwa. Hakubisha. Alifunga mizigo yake, akatia na mablanketi mawili mazito, akapanda basi.

Twalipanga vyumba vya chini katika nyumba ya kale ya mawe huko Mkunazini, yenye uwa mmoja uliotumiwa na wapangaji wote. Ilipofika Desemba mvua za vuli zikakatika, kaskazi ikaanza kuvuma, ule upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi miaka yote. Nalidhani upepo utatuburudisha. Lo! Usiku twalilala sakafuni kwa kutafuta ubaridi wa saruji, na mablanketi ya mama yakawa mto wa watoto.

Watoto hawakuwa na shida hata kidogo. Kila jioni walikwenda Forodhani kuwatazama vijana wakijitupa baharini, na kila asubuhi walirudi na maembe na mashokishoki, midomo imelowa. Lakini mama alikaa. Alikaa mlangoni akitazama uwa, mikono imewekwa magotini, kama mtu aliyefika kwa wageni akingoja kuambiwa saa ya kurudi. Mara moja tu nalimwona akishughulika, siku mpangaji mmoja alipoleta doriani ndani: mama alipekua vyumba vyote akitafuta panya aliyekufa, wala hakuamini kuwa harufu ile ni ya tunda, na kwamba watu hulinunua kwa fedha zao.

Jambo lililomfadhaisha kuliko joto lilikuwa wali. Siku moja aliniuliza, “Mwanangu, watu hawa wala wali kila siku?” Nikamwambia ndiyo, wenye nafasi. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi siku ya Krismasi watakula nini?” Sikuwa na jibu. Nalitaka kumwambia habari ya pilau, nikaona kuwa siyo aliyoiuliza.

Zikiwa zimesalia siku tatu, mke wangu alimchukua mama kwenda sokoni Darajani. Huko akaona magunia ya viazi, vile ambavyo watu wa Unguja huviita mbatata. Mama alishika kiazi kimoja, akakwaruza udongo kwa ukucha, akaunusa. Akasema, “Hivi ni vya kwetu.” Mke wangu alimwomba asinuse vitu vya watu, lakini mchuuzi akacheka, akasema, “Bibi kasema kweli, mbatata hizi zatoka Njombe.” Mama alinunua kilo kumi papo hapo. Nami nakiri kuwa nalikasirika, maana mshahara wa kwanza ulikuwa haujatoka, na kilo kumi za viazi kwa watu watano nalizihesabu kuwa upuuzi.

Mkesha wa Krismasi twalikwenda kanisa kuu, hatua chache tu kutoka nyumbani. Wasomaji wengi wamesikia habari za kanisa hili, walakini ni kitu kingine kusimama ndani yake usiku ule. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mapatano aliyotia sahihi Sultani Barghash mwezi wa Juni 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale pa soko. Miaka minne baadaye, Krismasi ya 1877, ibada ya kwanza ikafanywa humo, kazi ya kujenga ikiwa haijaisha. Paa lake si la mbao wala mabati. Askofu Steere alilijenga kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, likiwa limepinda kama tumbo la mashua iliyofudikizwa. Mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Pana na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa. Tena pana nguzo zilizosimamishwa miguu juu kichwa chini. Husimuliwa kuwa askofu alisafiri, na mafundi wakakosea. Mama alizitazama nguzo hizo sana. Akaninong'oneza, “Na bado zimeshikilia.”

Baada ya ibada twalizunguka nje, kwenye ukumbusho wa watumwa. Ni sanamu za watu watano, wamesimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi, ya mwaka 1998. Taa ilikuwa hafifu. Mama akauliza, “Hawa walitoka wapi?” Nikamwambia, wengi walioletwa soko hili walitoka pande za Nyasa, wakashushwa mpaka Kilwa, kisha wakapakiwa vyomboni. “Pande za Nyasa,” akasema. Hakusema neno jingine mpaka nyumbani.

Asubuhi ya sikukuu naliamshwa na moshi. Nalitoka mbio, nikamkuta mama amepanga mafiga matatu katikati ya uwa, amewasha moto wa kuni na makumbi ya nazi, naye amekaa karibu kabisa, kana kwamba barafu yamwagika nje. Jasho lilimtiririka. Uso wake ulikuwa umetulia. Milango ikafunguliwa mmoja mmoja. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiunguja ambaye mpaka siku ile twalikuwa tukiamkiana tu, alikuja na kanga kichwani akauliza, “Jamani, mna mgonjwa? Mbona mwaota moto na jua hili?” Mama akamjibu kuwa kwao leo ni sikukuu, na sikukuu haianzi kabla moto haujawaka. Yule mama akamtazama, akaenda zake. Nalidhani amechukizwa. Akarudi na mbuzi ya kukunia nazi na kisu, akaketi, akaanza kumenya viazi.

Hapo ndipo zile kilo kumi zilipojulikana kazi yake. Yule mama alisema mbatata bila tui si chakula. Mama akasema tui litaviharibu. Wakabishana muda mrefu kwa furaha kubwa, mwisho vikapikwa vyungu viwili. Kuku wetu alichinjwa na kijana wa jirani, ili kila mtu wa nyumba ile aweze kula. Adhuhuri mama aliwatuma watoto na sahani kwenye kila mlango. Sahani zilirudi, na kwa desturi ya Unguja hakuna iliyorudi tupu: hii ina maembe ya muyuni, hii ina visheti, hii ina halua. Mama alizipanga zote mbele yake, akazihesabu kwa kidole.

Usiku, watu wakiisha kulala, nalikaa naye karibu na makaa. Akasema, “Wale wa shimoni hakuna aliyewauliza.” Nikanyamaza. Akaendelea, “Na mimi hukuniuliza. Lakini mimi nalipewa kiti katika basi.” Kisha akacheka, akakohoa kidogo, akacheka tena. Mimi sikucheka. Nalimwuliza, kwa kuchelewa mwezi mzima, kama ataka kurudi Milo. Akasema atanijibu maembe yakiisha.

Hakusahau. Masika yalipoanza, alisema ataka kwenda kulitazama kaburi la baba, na kupanda maua yake mvua ikiwapo bado, kisha atarudi kwangu kabla ya kipupwe. Nalikwenda naye kukata tikiti. Alisimama dirishani yeye mwenyewe, akachagua siku, akachagua kiti. Blanketi moja alilichukua. La pili aliliacha juu ya sanduku lake, akamwambia mke wangu asimpe mtu.