Mamba wa kale na majina yasiyoandikwa

Leo siasa tuzipumzishe. Nina habari ya mfupa.

Kwetu ni Mdandu, mkoani Njombe. Ukienda Njombe mjini, ukapita Ludewa, ukateremka mpaka Manda, unakutana na Ziwa Nyasa. Huko, kwenye bonde la mto Ruhuhu, kuna miamba yenye visukuku vya wanyama walioishi miaka ipatayo milioni 240 iliyopita, kabla dinosaria hawajatawala dunia. Shuleni nilisikia Tendaguru ya Lindi tu. Ya hawa majirani zetu hakuna aliyenigusia!

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na miaka miwili tu ya Uhuru, msafara wa watafiti kutoka Uingereza ulifika huko. Kati ya vitu walivyoondoka navyo ni fuvu la mnyama mkubwa, urefu wake zaidi ya sentimita 75, pamoja na taya na mifupa ya mkono. Vikapelekwa London. Mtaalamu Alan Charig akampa mnyama huyo jina la muda, Pallisteria, kutokana na mwanajiolojia aliyeitwa Pallister.

Lakini katika sayansi hii jina haliwi jina kwa kutamkwa tu. Ni lazima uchapishe maelezo: kielelezo ni mfupa upi, umehifadhiwa wapi, na una alama gani za kumtofautisha mnyama huyu na wengine. Charig alifariki mwaka 1997 bila kuyachapisha. Fuvu likakaa makumbusho karibu miaka 60 bila jina rasmi.

Mwaka 2022 Richard Butler na wenzake wakaimaliza kazi hiyo. Si kazi ya kubahatisha. Unapima tundu la pua, meno na taya, unalinganisha na visukuku vinavyojulikana, kisha unajiuliza: alama hii ni ya ukoo mzima au ni ya huyu peke yake? Wakaona ni mnyama wa upande wa ukoo wa mamba, ingawa si mamba kama hawa tunaowajua. Wakamwita Mambawakale ruhuhu. Hebu soma taratibu... mamba wa kale, wa Ruhuhu. Kiswahili hicho! Wala si cha kwanza. Mwaka 2010 mnyama mwingine wa bonde hilo hilo aliitwa Asilisaurus kongwe.

Nilipokwenda Mdandu nikamsimulia baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, wenyeji waliokuwa na hao wazungu porini wanaitwa nani?"

Butler na wenzake walijiuliza hilo pia. Walieleza kwamba jina la Kiswahili ni la kuwaenzi Watanzania wasiotajwa majina, ambao mchango wao uliufanikisha msafara wa 1963. Ni uungwana, nawapongeza. Ila ndugu zangu, tazameni uzito wa jambo lenyewe: lugha nzima imebidi ibebe heshima ya watu ambao mstari mmoja wa daftari ungewatosha. Mfupa hupewa namba siku ile ile unapookotwa. Mtu aliyeubeba je?

Msiniambie zama zile hazikuwa na utaratibu huo. Tendaguru, mwaka 1909 hadi 1913, enzi za Mjerumani, msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Tunamjua leo kwa sababu kuna aliyeliandika jina lake. Basi.

Hata sisi wenye kalamu jambo hili linatuhusu. Habari hutoka na jina la mwandishi. Dereva wa bodaboda, mkalimani, mama aliyeonyesha njia, wote wanaishia kuitwa "wenyeji".

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 sasa amevuka 80. Huenda yupo, Manda au kijiji cha jirani, na anakumbuka nani alibeba nini na nani alikuwa wa kwanza kuona mfupa ukichungulia kwenye korongo. Mamba alisubiri miaka milioni 240, anaweza kusubiri zaidi. Mzee huyo hawezi. Mwenye daftari na nauli ya kufika Ludewa asichelewe.