Ngoma haikusimama Goli

Jumamosi mbili hatukuonekana mkutanoni, na wengi wenu mliuliza. Tulikuwa njiani. Mama mmoja wa kartie yetu alikuwa na kilio cha mama yake mkubwa huko Paidha, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Yule mzee alizikwa mwaka 2019, wakati watu wa Djugu walikuwa wanakimbia vijiji vyao na njia haikupitika. Mama yetu hakumzika. Sasa jamaa walimwita kumaliza kilio, naye alisema mara hii hatakosa. Sisi wawili tulimsindikiza, pamoja na binti yake wa miaka 13.

Tulitoka Bunia alfajiri kwa barabara ya taifa namba 27. Njiani tulisali zaidi kuliko kuongea. Baada ya Iga Barrière kuna mahali ambapo nyumba zimebaki kuta tu, na migomba inaota ndani ya kilichokuwa chumba. Hakuna aliyesema neno. Kufika Nioka, baridi ya milima ilitukumbusha kufungua vikwembe vya ziada, na maneno yakaturudia. Tulilala Mahagi. Asubuhi tulikwenda mpaka wa Goli na karatasi zetu za kupita, katikati ya wamama wenye mabeseni ya samaki mkavu na unga wa muhogo. Wale wamama wanavuka kila wiki kama sisi tunavyokwenda Soko Kuu. Hapa wanahesabu falanga, hatua chache mbele wanahesabu shilingi. Lugha ya kubishana bei ni moja pande zote mbili: Dhu Alur.

Huo mpaka ni mchanga kuliko wengi tunavyofikiri. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha mfalme Leopold II wa Ubelgiji nchi iliyoitwa Lado, magharibi ya mto Nile. Leopold alikufa mwaka 1909, na mwaka uliofuata nchi ile ikarudi mikononi mwa Waingereza waliotawala Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda, ndiyo West Nile ya leo. Upande wa Mahagi ukabaki Kongo ya Wabelgiji. Hivyo Waalur wakajikuta na bendera mbili, bila mama hata mmoja kuulizwa mtoto wake aliyeolewa ng'ambo atarudi vipi kumwona. Walugbara wa Aru na wa Arua nao ni vilevile. Wakakwa wana nchi tatu, kwa sababu wako Sudan Kusini pia.

Tulifika Paidha jioni. Pale nyumbani jambo dogo lilitokea, nalo ndilo lililotufanya tuandike barua hii. Watoto walimzunguka binti yetu wakamsalimia kwa Dhu Alur. Hakusikia kitu. Alijibu kwa Kiswahili. Mmoja akamjaribu kwa Kiingereza cha shule yao, naye akajaribu Kifaransa cha shule yetu. Wakacheka, si kwa ubaya, lakini mtoto alikuja kukaa nyuma ya mgongo wa mama yake na hakutaka kutoka. Bibi mmoja, dada ya marehemu, akauliza: “Huyu mtoto ni wa nani?” Mama akajibu: “Ni wetu, bibi.” Bibi akasema: “Kama ni wetu, mbona hanisikii?”

Mama yetu aliinamisha kichwa. Sisi wa Bunia tunajua sababu, hata kama hatuisemi. Kulikuwa na miaka mjini kwetu ambapo kuita mtoto kwa lugha ya nyumbani barabarani kulimwonyesha mtu kabila lako, na hukujua anayesikiliza ni nani. Wamama wengi tulifunga lugha zetu ndani ya sanduku pamoja na vitu vya thamani. Vita vilipopungua, tulisahau kufungua sanduku.

Usiku agwara zikaanza. Kwa wasiozijua: ni baragumu za mti uliotobolewa ndani na kufunikwa kwa ngozi, fupi na ndefu, zinazopulizwa kwa ubavu. Kila mpulizaji ana sauti yake moja au mbili tu. Akipuliza peke yake, utafikiri ng'ombe amepotea. Lakini kila mtu akiingia mahali pake, wimbo unatokea, na ngoma inaubeba. Wamama wanazunguka wapulizaji, mabega na miguu kwa mwendo mmoja. Yule bibi alimshika binti yetu mkono akamwingiza katika mstari bila kumwambia neno. Mzunguko wa kwanza mtoto alikanyaga watu. Wa tatu alikuwa anacheka. Mama yake alicheza nyuma yake huku machozi yanashuka. Kilio cha 2019, ndipo alipokilia.

Asubuhi mtoto alikuwa amejua maneno sita. La kwanza ni afoyo, asante.

Wamama wapenzi, sisi walimu tunasema wazi: shule haitalifanya hili. Shuleni kuna Kiswahili, kisha Kifaransa. Lugha ya bibi na nyimbo zake zina mwalimu mmoja tu, naye yuko jikoni kwako.

Tunajua baadhi ya baba wataogopa. Watasema ngoma za makabila zitaturudisha tulikotoka. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa maana tumezika watu. Lakini tazameni adungu, kinanda cha nyuzi na shingo iliyopinda kama upinde. Ni cha Waalur, na Uganda nzima imekipokea. Huku kwetu pia tumekisikia kanisani, kikipigwa na vijana ambao wazee wao hawakula pamoja. Hakuna aliyepungukiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya mkutano na kabla ya kugawa akiba, tutenge nusu saa. Kila mara mama mmoja atafundisha watoto wetu wimbo na ngoma ya kwao: Mulugbara, Muhema, Mulendu, Munande, Mubira, Mundo, kila mmoja na zamu yake. Watoto wote watacheza zote. Mwenye mama mzee nyumbani amlete, tutampa kiti cha mbele.

Zamu ya kwanza ameichukua binti wa miaka 13. Ana maneno sita na hatua za mzunguko mmoja. Njooni mumsaidie.