Desa la 2020 Lilivyotaka Kumponza Mwanachuo, Ila Kodi Ikamuokoa Shoga Yake Staa

Waliopita chuo wanaujua utamu wa desa. Unalinunua stationery, unakesha nalo siku mbili, unaingia kwenye pepa. Kwenye masomo mengine linakuvusha, ila kwenye kodi linaweza kukupeleka kwenye supu mchana kweupe.

Ndicho kilichomkuta binti mmoja, jina kapuni, anayesoma diploma ya uhasibu hapa Dar. Desa lake lilikuwa la 2020. Kwenye kodi ya mishahara liliandika daraja la kwanza ni asilimia 9, na yeye akajibu 9. Kumbe tangu Julai 2021 ni asilimia 8, kwa mshahara unaozidi 270,000 mpaka 520,000 kwa mwezi. Akala supu.

Lekchara aliwaambia neno moja tu: kodi haina desa. Sheria ya Kodi ya Mapato ni ya 2004, sawa, lakini kila Julai Mosi inakuja Sheria ya Fedha mpya na kuichokonoa. Huku kwenye uhasibu nako hakujatulia, maana kiwango cha kimataifa cha IFRS 18 kinachukua nafasi ya IAS 1 kuanzia Januari 1, 2027. Mwanafunzi anayekariri anajikuta anakariri vitu vilivyokufa.

Basi binti akalitupa desa, akaanza kusoma mabadiliko yenyewe, mwaka kwa mwaka.

Sasa huyu binti anakaa geto moja Sinza na shoga yake wa tangu Kidato cha Kwanza. Shoga ni staa wa vichekesho mtandaoni, sura yake mnaijua. Alilamba dili la tangazo la shilingi milioni 3, na hela yote aliipangia kazi: bati za nyumba ya mama yake Tanga. Mzigo ukapitia kwa meneja wake. Ulipomfikia ulikuwa 2,550,000. Kuuliza, meneja akajibu, "Serikali imekata kodi, asilimia 15."

Staa akawasha ring light, aende live akaitukane serikali na kampuni kwa pamoja.

"Shoga, zima hiyo taa kwanza," binti akamwambia. "Mkataba una jina la nani?"

"Langu."

Binti akachukua kalamu. Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni. Asilimia 5 ya milioni 3 ni 150,000. Alitakiwa apate 2,850,000. Hiyo asilimia 15 ipo kweli, lakini inakatwa kwenye malipo ya huduma kwa wasio wakazi wa nchi. Na huyu staa hata pasipoti hana!

Laki tatu zilikuwa zimeyeyuka. Ila binti hakutaka shoga yake amwite mtu mwizi kwa hesabu za kwenye daftari. Akamwambia aombe kampuni cheti cha kodi ya zuio, kwa sababu anayekata kodi anatakiwa kumpa aliyekatwa cheti. Ni haki yake, siyo fadhila.

Cheti kikaja. Kilichokatwa: 150,000.

Meneja alipotumiwa picha ya kile cheti alikaa kimya siku nzima, halafu akarudisha laki moja na ahadi. Nywila ya akaunti alikuwa nayo yeye, na mpaka staa airudishe mikononi mwake, wiki mbili zilipita bila video hata moja. Bati za mama zimepigwa nusu ya nyumba, nusu nyingine bado inasubiri hiyo ahadi.

Watu wakisikia mtoto anasoma kodi wanacheka, eti anajifunza kukaba wafanyabiashara. Wanasahau kwamba neno "kodi" ndilo kichaka kizuri kuliko vyote cha kujificha mwizi, kwa kuwa wengi tukilisikia tunanuna tu, hatuulizi.

Kwa hiyo ukikatwa hela, uliza mambo matatu: ni asilimia ngapi, kwa sheria ya mwaka gani, na cheti kiko wapi. Anayekata kihalali hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Binti anarudia pepa lake mwezi ujao. Mwombeeni.