Kabla Hujatuma Hela ya Oveholi

Uingereza ninakoishi, gari la kawaida likilala miaka hadi injini ikakosa kompresheni, mara nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Saa moja ya fundi inaweza kuzidi pauni 60, na kushusha injini si kazi ya saa moja. Dar ni kinyume: ufundi hauna gharama hiyo, vipuri viko Gerezani, Kariakoo, kwa hiyo injini inafunguliwa upesi. Huku hawafungui kwa sababu ni ghali, kule tunafungua kwa sababu ni nafuu. Kote kuwili bei imeamua kabla ugonjwa haujajulikana.

Chukua Corolla KE70 ya marehemu mjomba, iliyolala uani Magomeni Mikumi. Stata ilikuwa inazungusha injini kwa wepesi wa kutia shaka. Fundi alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akasema, "Haivuti hii, bosi. Tushushe injini."

Kidole hakikudanganya, ila hakisemi kompresheni inavujia wapi. Gari likikaa, oili huchuruzika kutoka kwenye kuta za silinda. Hewa ya Dar yenye unyevu huingia kupitia valvu iliyobaki wazi, kutu ikashika silinda na kiti cha valvu. Ringi nazo hugandia kwenye mifereji ya pistoni kwa masizi ya zamani. Mgando huo mara nyingi unaachia bila kufungua chochote.

Hili nimelijua kwa Waingereza wapenzi wa magari ya zamani. Kwao gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka, basi hawana haraka. Wanamimina oili nyepesi kwenye kila tundu la plagi, wanaiacha siku kadhaa, kisha wanazungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli, si kwa stata. Wakimaliza wanamwaga oili yote, maana iliyomiminwa imeshachuruzikia kwenye sampu.

Hapo ndipo geji ya kompresheni inafungwa: plagi zote nje, umeme wa koili umekatwa, betri imejaa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Injini nyingi za petroli za enzi hizo zikiwa nzima husoma kati ya 120 na 180 psi, na silinda zisipishane sana. Iliyo chini inaongezewa kijiko cha oili na kupimwa tena. Mshale ukipanda, tatizo ni ringi au silinda. Usipopanda, shuku valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi zaidi.

Corolla yetu ilipimwa hivyo. Silinda moja ilipanda, na baada ya injini kuwaka na kupata moto ringi zake zikaachia. Nyingine haikupanda hata kidogo, basi ikafunguliwa silinda hedi peke yake. Fundi yuleyule akasaga valvu kwa mkono, kwa dawa na subira. Kazi hiyo Uingereza ningeilipia zaidi ya thamani ya gari.

Kwa hiyo, ndugu wa ughaibuni, ukiombwa hela ya oveholi, omba kwanza picha ya geji kwa kila silinda, kavu na yenye oili. Na acha kuagiza gari liwashwe dakika tano kila Jumapili: injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki ndani, na kutu inaendelea.