Uso wa Saa na Moto

Huko Geneva, Uswisi, wapo mafundi wanaotengeneza nyuso za saa za mkononi kwa enameli. Unga wa kioo chenye rangi hupakwa juu ya bamba la dhahabu au shaba, kisha huingizwa tanurini kwenye joto la nyuzi 800 hivi, tena na tena. Rangi hiyo haififii hata baada ya miaka 200. Ndiyo maana matajiri huzigombania.

Sisi wahubiri tunaupenda mfano wa moto. Lakini nyuso nyingi hupasuka humo, na fundi huzitupa. Nimeketi na wafiwa waliopasuka vivyo hivyo. Siwasifii moto. Nawaambia tu: Fundi wetu hamtupi aliyepasuka. Yeye mwenyewe alifufuka akiwa na makovu.