Tangi ya Volkswagen ya Baba

Baba yetu alituachia motokari moja, Volkswagen 1300 ya mwaka 1967, ile ya mugongo wa mviringo. Alipofariki mwaka 2018, mimi na mudogo wangu tuligombana juu yake. Yeye alitaka tuiuzishe kwa wanunuzi wa vyuma vya zamani, mimi nilikatala. Basi ikabaki miaka mitano chini ya muembe, hapa Likasi, na sisi wawili tukabaki bila kusemezana, isipokuwa salamu ya mlangoni mwa kanisa.

Kosa langu ni hili: niliiacha na esanse kidogo ndani. Tangi ikijaa, hewa haina nafasi. Lakini ikiwa nusu tupu, baridi ya usiku inageuza unyevu wa hewa kuwa umande, maji yanashuka chini ya esanse, na kutu inaanza. Mwaka 2023 nilijaribu kuwasha mota. Ilikohoa mara mbili, ikazimika. Filtri ilikuwa imejaa unga mwekundu kama udongo wetu.

Kuosha tangi, mutu mumoja hawezi. Nikamwita mudogo. Akafika siku ya posho, bila maneno mingi, na bido ya asidi ya sulfuriki.

— Yaya, hii inayeyusha hata mawe ya shaba. Saa moja tu, kutu yote inaisha.

— Njo ile inaniogopesha.

Kampani zinatumia asidi ile kutoa shaba katika mawe. Chuma chembamba cha tangi inaweza kukitoboa, na ikiruka machoni, ni upofu. Tena lupangoni kuna watoto. Akaitia pembeni.

— Basi tuite mwenye kusudire, akate tangi, tukwangue, kisha aifunge tena.

Hapo nilianza kumufundisha kwa sauti kubwa. Nikasema, tangi iliyomwagwa esanse haiko tupu, imejaa mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Nikasema tena, mvuke ule ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Nikageuka, nikaona tangi wazi, mimi mwenyewe nimeifungula, na hatua kumi tu mama anapika bukari kwenye mbabula.

Mama hakuuliza kitu. Alimwaga maji juu ya makaa. Siku ile tulikula usiku.

Tulipeleka tangi mbali, nyuma ya ukuta. Tuliiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, mpaka harufu ikapungua. Tukatia ndani mnyororo mfupi, tukaitikisa kila mmoja upande wake. Mikono iliuma! Kisha tukaweka lita 12 za vinegri nyeupe, tukaigeuza kila siku upande mwingine, siku nne. Vinegri nayo ni asidi, lakini ni ya upole. Ilitoka nyeusi kama kahawa. Tukasukutua kwa maji yenye bikarbonati ili kuiua asidi, na mara moja alkoli, kwa sababu chuma kilichooshwa hivi kinashika kutu mpya mbele hakijakauka.

Kama kutu yenu ni kidogo, simameni hapo. Yetu ilikuwa imeacha vishimo, basi tukatumia rezini ya tangi, ile ya vyupa viwili vya kuchanganya. Ukiimwaga juu ya kutu inayobanduka, nayo itabanduka na kuziba mrija. Na ukiisha kuimwaga, unageuza tangi polepole, juu, chini, pembeni, isitulie mahali pamoja mpaka ianze kugandama. Kisha unamwaga inayobaki na kupuliza matundu yasizibe.

Katika kugeuza kule hakuna wa kuondoka. Mudogo alianza kusema akiangalia tangi, si mimi. Alisema alitaka kuuzisha kwa sababu deni la hospitali ya baba lilikuwa juu yake peke yake. Mimi sikujua. Miaka mitano nilizani ni tamaa.

Tuliiacha ikauke posho nzima. Mota iliwaka. Deni tumeligawanya. Motokari ni ya nani, bado hatujapatana, ila kila siku ya posho mudogo anapita kuangalia filtri, na mama anaweka mbabula upande mwingine wa nyumba.